Samaki mdogo si mtoto: historia ya taa za usiku kwenye Ziwa Albert



Wengi mnanijua hapa kwa maandishi ya mihogo na magonjwa ya migomba. Leo naomba ruhusa nishuke kwenye maji, juu nina deni. Ni deni la sentensi moja niliyoandika vibaya, na kulilipa kumenipeleka mbali kuliko nilivyofikiri.

Memwari yangu ya lisansi ya agronomia ilikuwa juu ya biashara ya samaki katika masoko ya Bunia. Kwenye ukurasa wa mapendekezo, ule ambao sisi wote tunaandika usiku wa mwisho tukiwa tumechoka, niliweka kwamba uvuvi wa taa ukatazwe kabisa kwenye Ziwa Albert kwa sababu unamaliza samaki wachanga. Jury haikuniuliza hata swali moja juu ya jambo lile. Kila mtu chumbani aliona ni wazi tu: samaki ni wadogo, kwa hiyo ni watoto, taa inawaita, kwa hiyo taa ni mbaya. Nikapigiwa makofi, tukapiga picha, tukanywa sukre, tukaenda nyumbani.

Miezi michache baadaye nilimsindikiza mama mdogo mpaka Tchomia. Yeye anauza muziri, vile visamaki vyembamba vinavyong'aa kama fedha, ambavyo sokoni watu wengine wanaviita ndagala tu. Visamaki vile ndivyo vilinilipia minervali miaka mitatu kati ya mitano. Tulikuwa tunangoja pirogi zirudi, jua halijatoka bado. Nikamwambia mzee mmoja mvuvi, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba wanavua watoto na ziwa litaisha. Hakukasirika. Alichukua muziri mmoja kwenye beseni, akabana tumbo lake kwa ukucha, mayai yakatoka, madogo kama chembe za unga wa muhogo.

«Mutoto yangu,» akasema, «hii unaita mutoto iko mama. Juu iko fupi, njo unasema iko mutoto. Basi na mie niko mutoto?»

Alikuwa mtu mfupi kweli. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Mimi sikucheka. Niliona ule ukurasa wangu wa mapendekezo kama vile mtu ameusoma kwa sauti mbele ya soko zima.

Toka siku ile nimekuwa nasoma na kuuliza: uvuvi huu wa taa ulitoka wapi? Ulifika kwetu namna gani? Na je, wazee wetu wa chuo, na mimi nyuma yao, tulikuwa na haki ya kuusemea vibaya?

ZIWA NA SAMAKI WAKE

Kwa wale wa Kinshasa, Kisangani na kwingine ambao hamjafika: toka Bunia unapita Bogoro, halafu barabara inaanza kuanguka. Mji wetu uko juu, kwenye mita 1,200 na zaidi. Ziwa liko chini kabisa, kwenye mita 620 hivi. Ukifika kwenye ukingo wa mlima usiku ambao hakuna mwezi, unaona mji mwingine umelala chini, taa nyingi, zingine zimesimama, zingine zinatembea pole. Niliona vile mara moja tu, gari letu lilipoharibika njiani. Mtoto mmoja ndani ya gari aliuliza kama ile ni Kampala. Ilikuwa wavuvi.

Ziwa lina urefu wa kilomita 160 hivi, upana wa kilomita 30 na kitu, na eneo la kilomita za mraba karibu 5,300. Sehemu inayopita nusu kidogo ni ya Uganda, ingine ni yetu. Haliendi chini sana: hata pale penye kina kirefu hapafiki mita 60. Linganisha na Tanganyika, ambayo inashuka mpaka mita 1,470. Banyoro wa ng'ambo wanaliita Mwitanzige, muuaji wa nzige. Mwingereza Samuel Baker alifika upande wao tarehe 14 Machi 1864, akalipa jina la Albert, mume wa malkia wake. Wakati wa Zaire likapewa jina la Mobutu Sese Seko. Mvuvi wa Kasenyi au Joo hana shida na majina yote hayo. Yeye anasema «ziwa» tu.

Ndani yake wanaishi samaki wawili ambao historia hii inawahusu. Wa kwanza ni muziri. Wanasayansi wanamwita Neobola bredoi, na ni Mbelgiji Max Poll aliyemwandika kwa jina hilo la aina mwaka 1945. Hapatikani ziwa lingine lolote duniani. Akiwa mzee kabisa hapiti urefu wa kidole chako. Wa pili ni ragoge, Brycinus nurse. Jamaa zake wako toka Mto Nile mpaka Afrika Magharibi, lakini hapa kwetu amebaki mfupi, kama aliyeamua kwamba kukua ni kupoteza wakati.

Tafadhali shikeni jambo hili, juu ndilo lilinishinda mbele ya mzee wa Tchomia. Kuna samaki ambaye ni mdogo kwa sababu bado hajakua, na kuna samaki ambaye ni mdogo kwa sababu ndivyo alivyo. Muziri anazaa upesi, anakufa upesi, na mahali pake panajaa upesi. Kapiteni anahitaji miaka kabla ya kutaga mara ya kwanza. Ukiwahesabu wote wawili kwa rula moja, umefanya kosa la mtu anayeona shamba la maharagwe na kusema miti hii imekatwa ikiwa michanga.

TAA ILIANZIA KUSINI

Historia ya taa haianzi kwetu. Inaanza Ziwa Tanganyika, kwa wavuvi wa Uvira, Kalemie, Kigoma na Burundi. Muda mrefu mbele ya mzungu kuleta taa ya mafuta, wavuvi wa huko waliwasha moto wa kuni kwenye mitumbwi yao usiku. Ndagala walipokusanyika chini ya mwanga, waliwachota kwa lusenga, wavu wa mfuko wenye mdomo mpana na mpini mrefu. Kwa hiyo anayesema uvuvi wa taa ni ujanja wa kisasa uliokuja kuharibu desturi, huyo hajui desturi. Moto ni wa zamani. Kilichobadilika ni nguvu ya moto.

Kwa nini samaki wanafuata mwanga? Maelezo ni rahisi, na yanaanza na viumbe ambavyo macho hayavioni vizuri. Mchana, vidudu vidogo vya majini vinashuka chini kujificha. Jua likizama, vinapanda juu kula. Samaki wadogo wanavila vidudu hivyo, kwa hiyo nao wanapanda. Ukiweka taa juu ya maji, vidudu vinakusanyika kwenye mwanga, samaki wadogo wanaona chakula vizuri, na samaki wakubwa wanakuja kula wadogo. Taa moja inatengeneza soko usiku, kila mmoja amekuja kula mwenzake, na binadamu anafika wa mwisho na wavu. Mwezi ukiwa mzima, ziwa lote linakuwa na mwanga na taa inapoteza nguvu. Ndiyo maana kwenye maziwa yote haya wavuvi wa usiku wanapumzika siku za mwezi mkubwa, wanashona nyavu na kulala nyumbani. Kalenda yao ni ya mwezi. Mama mdogo anapokopa franga kwa jirani, hasemi «nitalipa mwisho wa mwezi» akifikiria mshahara kama sisi. Anasema «nitalipa giza likirudi».

Halafu ikaja taa ya kupampu. Mjerumani Max Graetz na kampuni yake walianza kutengeneza Petromax mwanzoni mwa karne ya 20. Wamarekani nao walikuwa na Coleman. Unapampu hewa, mafuta ya taa (sisi huku tunasema petroli) yanapanda, yanageuka mvuke, yanawaka ndani ya kile kisoksi cheupe, na mwanga wake unashinda kuni mara nyingi. Haifuki moshi wa kuni, haizimwi na upepo mdogo, na inaweza kuning'inia mbele ya mtumbwi usiku mzima. Tanzania wanaiita karabai. Kwenye Tanganyika taa hii ilifukuza kuni katika miaka ya ukoloni. Miaka ya 1950 ilipoanza, Wagiriki walioishi kule walileta meli za chuma na nyavu kubwa za kuzungusha, na mwisho wa miaka ile ile ukaletwa mtindo wa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, wavu unashushwa katikati, taa zinawaka juu, halafu wavu unainuliwa. Meli za Wagiriki zimekufa karibu zote. Mitumbwi ya pacha bado inaelea mpaka leo. Kuna somo pale kwa sisi tunaopenda miradi mikubwa, lakini si somo la leo.

SAMAKI WALIOSAFIRI

Toka Tanganyika, taa ilipanda kwenda Kivu, na ilipanda pamoja na samaki wake. Ziwa Kivu halikuwa na samaki mdogo wa katikati ya maji anayekula vile vidudu. Katika miaka ya 1958 mpaka 1960 Wabelgiji walichukua vifaranga vya aina moja ya ndagala, Limnothrissa miodon, toka Tanganyika wakavimwaga Kivu. Kwa muda watu walidhani vimekufa. Kumbe vilikuwa vinazaa. Baada ya 1979 mradi wa FAO pale Gisenyi ulifundisha namna ya kumvua kwa taa na mitumbwi mitatu iliyounganishwa. Leo, ukienda Bukavu au Goma ukaambiwa hakuna sambaza, unajua kuna shida kubwa mjini. Samaki wa kuletwa amekuwa chakula cha mwenyeji ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Na sisi wa Ziwa Albert tulitoa pia, ingawa hakuna aliyetuomba ruhusa. Kapiteni aliyewekwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, yule sangara ambaye dunia nzima imemsikia, alichukuliwa huku kwetu. Alipofika kule alikula aina nyingi za samaki wadogo wa asili. Mmoja aliyebaki na nguvu ni dagaa wa Victoria, Waganda wanamwita mukene, Wajaluo omena. Kwa hiyo kule nako usiku ulijaa karabai. Tanganyika, Kivu, Victoria: kila ziwa lilifika kwenye taa kwa njia yake, lakini lilifika pale pale, kwa samaki mfupi anayelisha watu wengi.

NAMNA TAA ILIVYOFIKA KWETU

Ziwa Albert lilichelewa. Sababu ni kwamba samaki wakubwa walikuwepo, na walikuwa na soko. Mwaka 1928 Mwingereza E. B. Worthington alichunguza uvuvi wa Ziwa Albert na Ziwa Kyoga, na ripoti yake ikatoka mwaka uliofuata. Biashara ya wakati ule ilikuwa ya samaki mzito: kapiteni, ngasa, angara, anayepasuliwa, anatiwa chumvi, anakaushwa na kusafiri mbali. Upande wetu dhahabu ilikuwa imegunduliwa Ituri mwaka 1903, na machimbo ya Kilo na Moto yalikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulishwa. Samaki wa chumvi wa ziwa, hata wa toka ng'ambo ya Uganda, walikuwa na wateja Congo. Meli zilivuka kati ya Butiaba na Kasenyi. Nani angehangaika na muziri?

Halafu nyavu za nailoni zikafika, miaka ya 1950. Hazioze, hazionekani vizuri majini, zinashika zaidi. Mitumbwi ikaongezeka, injini zikaja, watu wakaongezeka pande zote mbili. Samaki wakubwa wakaanza kupungua, na wale waliobaki wakawa wafupi. Hii haikufanywa na taa. Ilifanywa na nyavu za mchana na za usiku, za kampuni na za masikini, wakati muziri bado alikuwa anacheza bure katikati ya ziwa bila mtu wa kumnunua. Naandika hivi kwa mkazo kwa sababu katika memwari yangu nilipanga matukio kinyume: kwanza taa, halafu upungufu. Ukisoma miaka vizuri, unaona upungufu wa wakubwa ulitangulia, na taa ikaja baadaye kama jibu la watu wenye njaa.

Kufikia miaka ya 2000 uvuvi wa muziri na ragoge kwa taa ulikuwa unakua kwa kasi. Watafiti wa NaFIRRI, taasisi ya uvuvi ya Uganda iliyo Jinja, wameonyesha kwamba katika miaka ya 2010 visamaki hivi viwili vilikuwa zaidi ya nusu ya uzito wote wa samaki wanaotolewa upande wao wa ziwa. Zaidi ya nusu! Ziwa la kapiteni lilikuwa limegeuka ziwa la muziri, na sisi chuoni tulikuwa bado tunamwita «samaki mchanga».

TAA WAKATI WA VITA

Siwezi kuandika historia ya taa Ituri bila kuandika giza. Kati ya 1999 na 2003 mkoa wetu uliungua. Bogoro, ule mlango wa kuteremka ziwani, ulishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, na kesi yake ikafika mpaka La Haye. Mwaka 2007 kulitokea mauaji kwenye maji karibu na kisiwa cha Rukwanzi, mahali pa wavuvi, kwa sababu ya mpaka na mafuta yanayotafutwa chini ya ziwa. Marais wa nchi zetu mbili wakakutana Ngurdoto, karibu na Arusha, mwezi wa Septemba mwaka ule ule, kutia sahihi mapatano. Mwanzoni mwa 2018, vurugu za Djugu zilipowaka, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Uganda kwa pirogi zile zile za kuvulia. Mwaka ule ule Ebola ikafika Tchomia. Mwezi wa Mei 2021 mkoa ukawekwa chini ya hali ya dharura, utawala wa kijeshi.

Fikirieni sasa kazi ambayo inataka uwashe taa usiku katikati ya maji. Taa inayoita samaki inaita pia mwenye bunduki. Mjomba wangu alikuwa anavua kwa taa nne. Aliniambia kwamba walikuwa wakisikia injini wasiyoijua, walizima zote kwa mara moja na kulala chini ndani ya pirogi, hawapumui, mpaka sauti ipite. Usiku mmoja haikupita. Walichukua taa, wavu, injini, na viatu vyake. Hakujua ni akina nani, na giza lile halikumruhusu kuuliza. Alirudi kwa kupiga kasia, jua likiwa juu, miguu mitupu. Alikaa mwaka mzima bila kurudi ziwani. Mwaka ule ndio nilikatiza masomo kidogo, nikafundisha shule ya msingi kusaidia nyumbani. Kwa hiyo ninaposema taa, sisemi chombo tu. Kwetu taa nne zilikuwa ndio tofauti kati ya mwaka wa masomo na mwaka bila masomo.

Na mpaka wenyewe, usiku, hauonekani. Samaki havuki na paspoti. Ukifuata kundi la muziri unaweza kujikuta ng'ambo bila kujua, na ng'ambo kuna sheria zingine na watu wengine wa kuzisimamia. Mradi wa LEAF, uliogharamiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulijaribu kuleta nchi hizi mbili pamoja juu ya maziwa Edward na Albert. Wazo ni zuri: ziwa moja haliwezi kuwa na kanuni mbili zinazopingana.

KARABAI INAONDOKA

Miaka ya karibuni taa yenyewe imebadilika tena. Karabai inaenda, taa za LED zinakuja, na betri ya gari au ya pikipiki iliyochajiwa kwa jua. Kwenye Ziwa Victoria watafiti walijaribu LED mbele ya karabai wakaona zinaweza kuvua vizuri vile vile, wakati mafuta ya taa yalikuwa yanakula sehemu kubwa ya pesa ya mvuvi. Hakuna moshi wa kuvuta usiku mzima, hakuna petroli inayomwagika majini, hakuna mtoto anayeungua nyumbani kwa dumu lililoachwa karibu na jiko.

Lakini mtu wa kilimo lazima aulize swali la pili. Taa ya petroli ilikuwa na breki yake: mafuta yakiisha, unarudi. Kila saa ya mwanga ilikuwa na bei, na bei ile ilimwambia mvuvi aache. Jua halina bei. Mwanga ukiwa rahisi, atakayekuwa na taa mbili atataka kumi. Kwa hiyo teknolojia ile ile inayopunguza mateso ya mvuvi inaweza kuongeza mzigo wa ziwa. Hilo silisemi ili tukatae LED. Nalisema ili tusidanganyane kwamba balbu mpya inamaliza mjadala.

KWA HIYO, TAA IKATAZWE?

Hapa ndipo nataka kurekebisha ukurasa wangu.

Muziri akivuliwa kwa taa katikati ya ziwa, mbali na ukingo, wavu unashika karibu muziri na ragoge peke yao. Ni samaki wazima, wanaozaa upesi. Wanaliwa wote na mifupa yao, kwa hiyo mtoto anapata kalsiamu na vitamini ambazo kipande cha nyama ya kapiteni hakina. Mama wa Mudzi-Pela au Saio asiyeweza kununua kapiteni anaweza kununua kikombe kimoja cha muziri, akagawa kwa watoto watano. Tumeona bwaki katika kambi za wakimbizi wa ndani hapa mjini. Anayetaka kukataza kikombe kile aseme kwanza ataweka nini mahali pake.

Lakini mzee wa Tchomia naye hakuniambia yote. Taa ile ile ikisogezwa karibu na ukingo, kwenye majani na midomo ya mito, hadithi inageuka. Pale ndipo watoto wa kapiteni na wa tilapia wanakulia. Wavu wenye matundu madogo ukivutwa pale, unashika vichanga vya kweli, wale ambao memwari yangu ilikuwa inawalilia bila kuwajua. Na nimeona kwa macho yangu, ndani ya mabeseni ya asubuhi zingine, tukapiteni tudogo twa urefu wa kalamu katikati ya muziri. Nilimwonyesha mzee yule safari ya pili. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: «Hiyo sasa iko mutoto. Hiyo iko mubaya.» Tukaelewana.

Kwa hiyo kama jury ingenirudishia memwari leo, ningefuta neno «ikatazwe» na kuandika mambo manne. Kwanza, taa iende mbali na ukingo na mahali pa kuzalia, na wavuvi wenyewe ndio waonyeshe mahali hapo, wanapajua. Pili, tufikirie miezi ya kupumzisha ziwa, kwa pande zote mbili pamoja. Tanzania ilifunga uvuvi wa Tanganyika toka 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, kwa mpango wa nchi zinazogawana ziwa lile. Ni kazi ngumu, lakini inawezekana kujaribu. Tatu, tuangalie baada ya wavu. Muziri anaanikwa chini kwenye mchanga, mvua ikinyesha siku mbili anaoza, na yule aliyeoza anauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Meza za kukaushia zilizoinuliwa, za miti na wavu wa zamani, zingeokoa samaki wengi bila kuongeza hata taa moja. Hii ni kazi yetu sisi wa agronomia kabisa, na sijui kwa nini tunaiacha. Nne, tusisahau kwamba maji yenyewe yanabadilika. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza nyumba za Kasenyi na Tchomia, kama lilivyopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 likaharibu bandari ya Butiaba. Na kwenye Tanganyika, tafiti zilizotoka kuanzia 2003 zinaonyesha kwamba joto linapunguza chakula cha samaki ndani ya maji. Si kila upungufu umefanywa na mtu mwenye taa.

Jambo la mwisho ni la sisi tunaosoma ukurasa huu. Tunatoka vyuoni na karatasi nzuri, na mara nyingi neno la kwanza tunalowapelekea watu wa vijijini ni «acheni». Acheni kuchoma, acheni kukata, acheni kuvua. Labda mara moja moja tuko na haki. Lakini mtu akiniambia niache kazi iliyonilipia shule, na hajui hata kutofautisha samaki mzima na mtoto, nitamsikiliza kweli?

Mwezi uliopita mama mdogo aliniuliza kama niko na nakala ya memwari. Hajui kusoma Kifaransa, lakini alitaka aionyeshe wenzake wa soko. Nikampa. Kwenye ukurasa wa mapendekezo nimeandika pembeni, kwa kalamu na kwa Kiswahili: «Hapa nilikosea. Muulize mzee wa Tchomia.»

Ninyi wa Mahagi, wa Uvira, wa Kalemie, wa Goma: kwenu taa inafanya kazi namna gani, na wazee wanasema nini? Tuandikieni hapa chini. Na kama kuna mtu anajua kutengeneza meza nzuri ya kukaushia, aseme mapema. Giza linarudi wiki ijayo.